Baiskeli Iliyopakwa Mafuta

Sijawahi kupenda mafuta. Nimenunua mbuzi kati ya Ikutha na Mutomo tangu ndevu zilipoanza kuniwasha, na mtu wa mbuzi huishi ndani ya mafuta. Yako kwenye mikono ya wachinjaji, yako kwenye noti wanazokurudishia, yako kwenye kikombe cha chai pale kibandani, kikombe ambacho kikigusa mdomo kinateleza kama samaki. Noti huwa naifuta kwenye suruali kabla ya kuihesabu, halafu nahesabu tena, kwa sababu noti zenye mafuta hushikana na mbili zikajifanya moja. Ukiwa unapokea, hiyo ni faida. Ukiwa unalipa, ni kilio.

Lakini kuyachukia hasa nilifunzwa na baiskeli.

Kabla ya baiskeli kulikuwa na mguu. Sukari ilimkata baba yangu mguu chini ya goti, na miaka yake ya mwisho aliimalizia kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, akiuliza kila mpita njia bei ya mbuzi sokoni, maana mwenyewe hangeweza kufika. Watu walimtajia bei za uongo ili afurahi. Hilo la kudanganywa bei liliniogopesha kuliko kisu cha daktari. Kwa hivyo nesi wa hospitali ya Mutomo aliponiambia sukari sasa iko kwangu, nilimsikiliza nikiwa nimeuangalia mguu wangu wa kulia kama mtu anayeangalia shahidi atakayemgeuka.

Nesi aliniambia nifumbe macho. Akachukua kiuzi kigumu cha nailoni, akasema kila nikihisi kinagusa unyayo niseme. Nikawa nasema, huku nahesabu kimoyomoyo. Tulipomaliza nikamtajia hesabu yangu, naye akanitajia yake. Yake ilikuwa kubwa kuliko yangu kwa mbali sana. Nikamwomba turudie. Tukarudia, na mara ya pili nikahisi kidogo kuliko ya kwanza.

"Mzee," akasema, "hapa hakuna bei ya katikati. Mguu huu ukiumia hautakuambia."

Alinipa masharti. Nisikae kutwa juu ya pikipiki, lakini pia nisitembee mwendo mrefu, kwa sababu unyayo ulikuwa umeanza kupasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Nisivue viatu nje. Kila jioni niukague mguu kama ninavyomkagua mbuzi. Niupake mafuta ili ngozi isipasuke, ila nisipake katikati ya vidole, huko mafuta huozesha. Na nitafute baiskeli, niwe naendesha kila siku. Mtu wa kuchukia mafuta, dawa yake ya kwanza ikawa mafuta.

Habari hii aliijua mke wangu peke yake. Sokoni mnunuzi mgonjwa ni nyama. Muuzaji akijua huwezi kuondoka na kwenda zizi la pili, bei haishuki. Anakukalia tu, anatafuna kijiti, anangoja uchoke. Nikawa navaa viatu vya kufunga kwenye jua la Ikutha, soksi zikinuka hadi mbwa wa nyumbani akanihama.

Baiskeli yenyewe niliinunua kanisani, mahali pekee duniani ambapo mtu kama mimi hana silaha.

Kwetu sadaka ya mavuno huletwa na kila mtu alichonacho: debe la pojo, jogoo, maembe, na baada ya ibada vitu hivyo hupigwa mnada hapo hapo mbele ya madhabahu. Bei haipungui, hupanda tu. Hukagui. Ukimfunua mbuzi wa Mungu mdomo uangalie meno, kanisa zima linakuangalia wewe meno. Na ukishanunua jogoo, ustaarabu ni kumrudisha madhabahuni ili auzwe tena. Nimeona jogoo mmoja akinunuliwa na watu watatu mfululizo na bado akarudi kulala kwa mchungaji.

Jumapili hiyo kijana mmoja wa hapa, anayefanya kazi Nairobi, alileta baiskeli ya milimani. Alikuwa amepandishwa cheo, ilikuwa shukrani. Wanasema toa kinachokuuma. Yeye alitoa kilichokuwa kinamzuilia nafasi kwenye veranda. Ilikuwa nyeusi, haing'ai, fremu nene lakini nyepesi kama kibuyu kitupu. Kijana akaeleza kwamba fremu si chuma, ni kaboni. Mwalimu wa shule ya msingi aliyekaa nyuma yangu akanong'ona kwamba kaboni ndiyo makaa, na kabla mnada haujaanza baiskeli ilikuwa imekwisha kupewa jina: ya makaa. Wakamba tumechoma makaa miaka yote, hakuna aliyewahi kufikiria kuyapanda.

Nilijua nesi amenituma nini. Niliinua mkono. Mwalimu akainua wake, kwa utani nadhani, lakini mnada wa kanisa hauna utani. Mzee wa kanisa aliyekuwa anauza akawa anapandisha kama mtu anayepanda ngazi za mwenziwe. Ilipofika bei ya mbuzi wangu wazuri wote wa mwezi ule, mwalimu akakohoa na kukaa. Nikalipa. Sijagusa tairi, sijabonyeza breki, sijauliza hata kama ina nyufa. Kisha kikaja kimya kile ninachokijua, kanisa likingoja nitamke kwamba nairudisha madhabahuni.

Nikashika usukani. Mama mmoja akaguna.

Mchungaji wetu ni mtu mwema, na ndiyo maana hasara yake huwa kubwa. Aliona aibu imenikalia akataka kuniokoa. Akasema chombo hiki kitakuwa barabarani, na barabara zetu zinakula watu, basi tukiwekee upako. Akatoa kichupa chake. Mafuta ya mzeituni, anasema, ingawa pua yangu iliniambia yameongezewa ya kupikia. Akapaka usukani. Akapaka kiti. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa kumaliza kazi anayoianza, akapiga magoti akapaka magurudumu yote mawili pale katikati, kwenye vile visahani vyembamba vya chuma ambavyo mimi nilidhani ni mapambo. Alivipaka polepole, mbele na nyuma, pande zote, akiomba nisije nikagongwa.

Visahani vile ni diski. Breki za baiskeli ile hubana hapo na si pengine.

Siku iliyofuata ilianza kulia. Si mlio wa baiskeli, ni wa nguruwe anayeona kisu. Nikibonyeza breki inalia, na kadiri inavyolia ndivyo isivyoshika. Vumbi letu jekundu likakaa juu ya mafuta, likawa uji, uji ukawa gundi. Nikipita zizini manyoya ya mbuzi yananata. Nzi wakapata makao. Nilikuwa nimelipa bei ya kundi zima ili niendeshe kidonda chenye magurudumu.

Fundi wa baiskeli pale Ikutha, aliye chini ya bati lake karibu na soko, aliisikiza akatingisha kichwa kwa huruma.

"Inalia kiu, mzee."

Akainywesha. Oili chafu ya lori, ile nyeusi, kwa brashi ya rangi, cheni na diski na kila kilichozunguka. Akachomoa bomba la kiti, nalo ni la kaboni, akalipaka grisi akalirudisha. Tangu hapo kiti kikawa kinashuka chini yangu kidogo kidogo. Nilikuwa naondoka nyumbani mrefu na kufika sokoni mfupi, magoti yakinigonga kidevu. Akataka pia kunichomelea keria ya nyuma ya kubebea maji. Nikamwambia kaboni haichomelewi. Akasema kila kitu kinachomelewa, ni moto tu. Nikaondoka na baiskeli yangu kabla hajawasha.

Sasa, barabara ya lami itokayo Ikutha kwenda Kibwezi hutelemka kwenye mto Athi, na mtelemko hauombi ruhusa. Nilikuwa nakwenda kuangalia mbuzi ng'ambo. Katikati ya mtelemko nikabonyeza breki zote mbili na baiskeli ikalia kwa uchungu na kuongeza mwendo. Mbele, ng'ombe wa mtu walikuwa wanavuka, wamejipanga upana wa barabara kama wana mkutano.

Baiskeli tulizokulia hazikuwa na breki. Zilikuwa na kandambili. Ukitaka kusimama unabana unyayo juu ya tairi la mbele, nyuma ya uma wa gurudumu, na mpira wa kandambili unafanya kazi. Kila mtoto wa Ukambani anajua, na mwili hausahau. Sikufikiri. Nilibana mguu wa kulia juu ya tairi. Ila tairi la baiskeli ya milimani lina meno, na raba yangu soli yake ilikuwa nyembamba. Nilisimama umbali wa mkia kutoka kwa ng'ombe wa mwisho, nikamshukuru Mungu, nikaendelea na safari, nikanunua mbuzi wawili kwa bei nzuri, nikarudi nyumbani nimefurahi.

Jioni mke wangu ndiye aliyesikia harufu. Akanivua kiatu. Soli ilikuwa imeliwa tundu, mpira umeyeyukia kwenye soksi, soksi imeshikana na ngozi, na alipoivuta ngozi ikaja nayo. Hapo chini palikuwa pekundu na pameloa, na manyoya ya mbuzi yameingia. Sijui yaliingiaje. Nilitapika mimi, yeye alishika beseni.

"Baba watoto," akasema, "na ulikuwa unatembea hivi siku nzima?"

Siku nzima. Nilikuwa hata nimepiga teke mbuzi mmoja kumjaribu nguvu.

Nesi alisafisha kidonda kwa muda mrefu, hakunisuta, na hilo lilinitisha. Mwishoni tu akasema akiniona tena na cha pili, hatafunga bandeji, ataniita daktari mwenye msumeno. Nilirudi nikakaa kwenye kiti nje ya mlango, mguu juu ya ndoo, na jirani akipita nikajikuta namuuliza bei ya mbuzi. Nilinyamaza katikati ya swali. Nikaingia ndani nikakibeba kile kiti hadi stoo.

Mguu ulipoweza kuingia kwenye ndara pana, nilibeba baiskeli hadi Makindu, maana niliambiwa kuna duka la spea ambalo linaagiza vitu kutoka Nairobi. Ilikwenda juu ya lori, mimi mbele na dereva, yenyewe nyuma na mbuzi. Ilifika imekojolewa. Mkojo wa mbuzi juu ya oili ya lori juu ya mafuta ya upako. Kama kuna harufu inayongoja watenda dhambi, nilikuwa naisukuma kwa mkono.

Mwenye duka ni mama kutoka upande wa Murang'a aliyeolewa na biashara ya barabara ya Mombasa, mtu wa kauli fupi. Aliziba pua kwa leso kabla sijavuka kizingiti.

"Nani amekaanga hii baiskeli?"

"Imeombewa."

"Kwa mafuta gani?"

"Ya mzeituni. Na kidogo ya kupikia."

Akainama akaangalia bila kugusa. Akasema cheni ndiyo inayokula mafuta, na hata hiyo ni tone kwa tone halafu unapangusa. Diski haili. Pedi za breki zikishaonja mafuta zimekwisha, hata ukiziosha na machozi. Akataja bei ya pedi mpya.

Nikafanya kazi yangu. Kwanza nikacheka. Kisha nikauliza bei ya mtu wa Makindu. Kisha nikasema nitachukua za mbele peke yake.

"Utasimamisha nusu?" akauliza.

Ilibaki silaha ya mwisho, kuondoka. Hiyo haijawahi kunitupa: unageuka, unatembea kama mtu aliyekumbuka duka lingine, na kabla ya mlango unaitwa. Niligeuka. Nikatembea. Lakini mtu anayechechemea hawezi kuondoka kwa haraka, na niliposikia kimya nyuma yangu nikajua haangalii baiskeli tena. Anaangalia ndara na bandeji.

"Mzee, rudi," akasema, na sauti yake haikuwa ya biashara. "Mtu mwenye mguu huo habishani bei ya breki."

Nililipa alichotaja. Nilihesabu mara mbili, angalau hilo halikunipokonywa. Aliosha diski kwa spiriti na kitambaa kipya, akalifuta lile bomba la kiti grisi yote na kulipaka krimu yenye chembe kama mchanga ili lisiteleze, akanionya nisikaze skrubu kama wa trekta maana kaboni haipindi, hupasuka. Akachukua sarafu akaigonga fremu kuanzia mbele hadi nyuma, ko, ko, ko, akasikiliza. Nikimaliza wiki nifanye hivyo, akasema. Palipo na ufa mlio unakuwa mfu. Hilo nililielewa bila maelezo. Tikiti maji tunalinunua hivyo hivyo.

Basi jioni zangu zikawa ni za matambara. Kuna la mguu, lina mafuta. Kuna la baiskeli, kavu kama mahubiri ya Kwaresima. Yanaanikwa kamba tofauti, na kabla ya kuchukua moja naangalia, nanusa, kisha nanusa tena. Kwanza mguu, kwa kioo kidogo cha kunyolea nakishika chini ya unyayo. Sijui kitu kibaya zaidi kuangalia kuliko unyayo wako mwenyewe kwa kioo: ukucha mmoja umekuwa mweusi, kisigino kina mifereji, na kovu la tairi limekaa katikati, la waridi, laini, kama kitu kilichozaliwa kabla ya wakati. Nikimaliza hapo najipangusa, naosha mikono kwa sabuni mpaka inakwaruza, ndipo naruhusiwa kugusa diski.

Mke wangu hakuacha kulalamika juu ya keria. Baiskeli isiyobeba mtungi hata mmoja wa maji, aliuliza, imekuja hapa kufanya nini? Nikamwambia inabeba mguu. Akafikiri kidogo akasema basi iendelee.

Ikaendelea. Kila asubuhi, Ikutha hadi vijiji vya juu, siku zenye nguvu hadi karibu na Mutomo. Kidonda kilifunga. Nesi alipokiangalia hakunisifu, aliandika tu kwenye kadi yake na kuniambia njia ni ile ile.

Nilikosea kumwambia mchungaji kwamba nimepona. Nilimwambia kwa ufupi, mlangoni, mguu ulisumbua sasa uko sawa, baiskeli imesaidia. Alisikia ushuhuda. Jumapili ya shukrani iliyofuata nikamwona ameagiza baiskeli iletwe ndani. Ikasimamishwa mbele ya madhabahu, safi, diski zinang'aa kama sahani za wageni. Na yeye amesimama kando yake na chupa. Si kile kichupa. Chupa nzima.

Nilisimama mbele ya kanisa nikiangalia ile chupa. Kumwambia pale kwamba upako wake nusura unikate mguu, hapana. Kuna vitu havisemwi mbele ya watu na kipaza sauti. Kunyamaza nako ni kurudi kwenye mtelemko.

"Mchungaji," nikasema, "baiskeli imeshiba."

Watu wakacheka.

"Upako haushibishi, mzee wangu," akasema, naye akicheka, na kizibo kikatoka.

Nikaangalia mabenchi. Wauzaji wangu wote walikuwepo. Yule muuzaji wa kutafuna kijiti, anayengoja mnunuzi achoke, alikuwa safu ya pili. Nikapiga hesabu, siri ya mguu kwa breki, nikairudia, na ikatoka vile vile.

"Basi tubadilishane," nikasema. "Aliyeponywa si baiskeli. Paka kilichopona."

Nikakaa kwenye benchi la mbele nikafungua kamba za kiatu. Kiatu kilitoka na sauti yake. Soksi ikafuata. Harufu ilitangulia hadi safu ya pili, nikaona yule mtu anatoa kijiti mdomoni. Mama aliyeguna siku ya mnada akavuta leso puani. Ukucha mweusi, mifereji, kovu, vyote vikawa mezani mbele ya watu ambao kesho ningewaomba wanipunguzie bei.

Mchungaji aliangalia. Uso wa mtu anayeonyeshwa mbuzi mwenye upele naujua, na huo ndio aliokuwa nao. Nilidhani ataniwekea mkono kichwani na kufunga biashara hapo. Lakini aliweka kipaza sauti chini, akavuta suruali yake nzuri, akapiga magoti, akaushika ule mguu. Mkono wake ulikuwa na mafuta, na sikuuhisi. Niliuona tu.

"Si katikati ya vidole," nikamwambia polepole. "Nesi amekataza."

Akaitikia kwa kichwa. Akazunguka kidole kimoja kimoja kwa uangalifu, midomo imebanwa, akipumulia pembeni.

Siku ya soko yule muuzaji wa kijiti alikuwa amejipanga. Alikuwa na beberu mmoja mzuri, akanitajia bei ambayo hata yeye ilimtoa jasho. Nikamwambia nakwenda Mutomo, huko wako wa bei ya watu. Akauangalia mguu wangu wa kulia bila haya.

"Na mguu ule, mzee? Mutomo?"

Nilipanda baiskeli. Pale sokoni barabara hutelemka kidogo, nikaiachia ikimbie, upepo ukaniingia shati, na nyuma yangu nikasikia anaita bei nyingine. Nikaendelea. Akaita tena, ndogo zaidi.

Nikabana breki. Ikasimama pale pale, bila kulia.